Kuandika Nyaraka za Zana kwa Mawakala wa Akili Unde: Msaada wa Amri, OpenAPI, MCP au Markdown?

Wakala wa akili unde, yaani modeli ya lugha iliyopewa uwezo wa kuendesha amri, kusoma mafaili na kutuma maombi kwenye seva kwa niaba ya mtu, huijua zana yako kwa maandishi tu. Hana mwenzake wa meza ya pili wa kumwuliza, na mazungumzo yakishafungwa hatakumbuka kesho alichokigundua leo, isipokuwa kiwe kimeandikwa mahali atakapokisoma tena. Kwa zana zinazojulikana duniani kote, kama vile git (ya kutunza matoleo ya msimbo) au curl (ya kutuma maombi mtandaoni), pengo hili halionekani sana, kwa sababu modeli zimefunzwa kwa maandishi mengi yanayozihusu. Zana iliyotengenezwa ndani ya kampuni, au toleo la maktaba lililotoka baada ya modeli kufunzwa, haina bahati hiyo, na hapo ubora wa nyaraka ndio unaoamua kama wakala atafanya kazi au atabahatisha.

Timu zinazotaka kuifanya kazi hii vizuri hukwama kwenye swali la mfumo wa kuandikia. Je, ziboreshe maelezo ya msaada yaliyomo ndani ya amri zenyewe, ziandike skima (maelezo rasmi ya muundo wa data) ya OpenAPI, mfumo wa kueleza API, yaani njia ambayo programu huzungumza na seva, zijenge seva ya MCP, itifaki ya kuunganisha mawakala na zana, au ziweke kurasa za Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio) zinazosomeka na mtu na modeli kwa pamoja? Ulinganisho huu unazipima njia hizo nne kwa vigezo vilevile. Naamini jibu hutegemea zaidi mahali wakala anaposimama wakati wa kuitumia zana, na kidogo sana ni ipi mpya au ipi inazungumzwa zaidi mwaka huu.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni usahihi unaoweza kukaguliwa na mashine: je, kuna namna ya kujua kabla ya ombi kutumwa kwamba parameta, yaani thamani ambazo zana hupewa, zimeandikwa kwa aina na muundo unaotakiwa? Cha pili ni uwezo wa kueleza nia, maana yake kumwambia wakala lini aitumie zana, lini asiitumie, na hatua zifuatane vipi. Hiki ndicho kinachosahaulika mara nyingi, nami nakipa uzito mkubwa kuliko vingine, kwa kuwa wakala anaweza kupatia kila parameta na bado akawa ameita zana isiyohusika kabisa na alichoombwa.

Cha tatu ni gharama ya muktadha. Modeli husoma maandishi kwa vipande vinavyoitwa tokeni, nafasi yake ya kusomea ina kikomo, na kila sentensi ya nyaraka inayowekwa humo hulipiwa na hupunguza nafasi ya kazi yenyewe. Cha nne ni usalama na namna zana inavyoshughulikia makosa. Cha tano ni utunzaji: zana ikibadilika, je, nyaraka zitabadilika nayo au zitabaki nyuma zikisema jambo ambalo si kweli tena?

Msaada wa amri na kurasa za mwongozo

Hii ndiyo njia kongwe kuliko zote. Mwongozo wa kwanza wa Unix, uliotayarishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie, ulitolewa Novemba 1971, na muundo wake wa jina, muhtasari, maelezo na kasoro zinazojulikana bado unaonekana kila mtu anapoandika man kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Mawakala wanaoandika msimbo hufanya kazi zaidi kwenye terminali, kwa hiyo jambo la kwanza wanalolifanya wanapokutana na amri wasiyoijua ni kuiendesha pamoja na --help.

Kwa usahihi, njia hii ni dhaifu kwa sababu maelezo ya msaada ni maandishi huru ambayo hakuna mashine inayoyakagua. Hata hivyo udhaifu huo unafidiwa kwa kiasi na jambo moja, nalo ni kwamba wakala anaweza kujaribu papo hapo na kusoma jibu. Ndiyo maana ujumbe wa hitilafu ni sehemu ya nyaraka sawa na ukurasa wa mwongozo. Linganisha amri inayojibu «hitilafu: data si sahihi» na ile inayojibu «hitilafu: tarehe 03/04/2025 haieleweki, andika kwa muundo wa YYYY-MM-DD, mfano 2025-04-03». Ya kwanza itamfanya wakala abadilishe mambo matatu kwa pamoja bila kujua lipi lilikuwa kosa. Ya pili inamfundisha kanuni nzima kwa mstari mmoja, tena wakati anapoihitaji. Msimbo wa kutokea nao una kazi yake: sifuri kwa mafanikio, namba nyingine kwa kushindwa, na amri inayorudisha sifuri ilhali imeshindwa humpotosha wakala vibaya zaidi kuliko inavyompotosha mtu, kwa kuwa mtu huona kwa macho kwamba kitu hakijakaa sawa.

Nia inaweza kuelezwa vizuri iwapo mwandishi ataweka sehemu ya mifano, jambo ambalo waandishi wengi huliacha mpaka mwisho na wengine hawalifiki. Gharama ya muktadha ni ndogo, kwa sababu msaada husomwa unapohitajika tu. Curl, yenye chaguo zaidi ya 250, imetoa mfano mzuri wa kuigwa: --help peke yake huonyesha chache zinazotumika sana, na anayetaka zote huandika --help all.

Kwenye usalama panahitaji uangalifu. Amri inayosimama kusubiri mtu abonyeze «y» itamkwamisha wakala, na ile inayofungua matokeo ndani ya kisomeo cha kurasa, kinachosubiri mtu abonyeze ili kiendelee, itamkwamisha vilevile. Kila swali la namna hiyo liwe na chaguo la kulijibu mapema, na chaguo hilo litajwe kwenye msaada. Zana zinazobadilisha au kufuta kitu ziwe na njia ya majaribio, kama vile --dry-run ya kubectl au hatua ya plan inayotangulia apply katika Terraform. Matokeo yapatikane pia kwa JSON, muundo wa data ambao programu huusoma kwa urahisi. Utunzaji si mzigo mkubwa, maana maktaba kama argparse ya Python na cobra ya Go hutengeneza maelezo ya msaada kutoka kwenye msimbo wenyewe.

Njia hii inawafaa wenye zana za mstari wa amri ambazo tayari zinatumiwa na watu, na ambao hawataki kujenga kitu kingine pembeni.

OpenAPI

OpenAPI ilianza mwaka 2011 kwa jina la Swagger, ikakabidhiwa mwaka 2015 kwa muungano ulio chini ya Linux Foundation, na toleo la 3.1 la mwaka 2021 likaioanisha kikamilifu na JSON Schema, kiwango cha kueleza muundo wa data ya JSON. Kwa kifupi, ni faili moja linaloorodhesha kila njia ya API, parameta zake, aina zake, majibu yake na namna ya kujitambulisha.

Kwa usahihi ni vigumu kuipata inayoizidi. Unaweza kusema kwamba sehemu fulani ni lazima, kwamba nyingine inakubali thamani nne tu, na kwamba namba ya simu ya Kenya ianze na 254 na si 0. Programu itakagua hayo yote kabla ombi halijaondoka. Majaribio yanaweza kuendeshwa kila msimbo unapobadilika ili kuthibitisha kwamba seva inafanya kile faili linachosema, na kwa hiyo utunzaji wake, ukiwa na nidhamu, ni wa kuaminika.

Pungufu lake ni nia. Chukua Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom. Ombi la STK Push, lile linalomletea mteja dirisha la kuweka PIN kwenye simu yake, hujibiwa mara moja na ResponseCode yenye thamani «0». Thamani hiyo inasema kwamba ombi limepokelewa ili lishughulikiwe. Mteja bado hajaweka PIN, na pesa bado haijatoka. Jibu la malipo yenyewe hufika baadaye kwenye anwani ya CallBackURL, likiwa na ResultCode, ambapo 0 ni malipo yaliyofanikiwa na 1032 ni mteja aliyeghairi. Skima inaweza kueleza kwa usahihi kamili kwamba ResponseCode ni mfuatano wa herufi, na bado wakala akaiona sifuri na kumwandikia mwenye duka kwamba ameshalipwa. Tofauti kati ya kupokelewa kwa ombi na kulipwa kwa pesa haimo katika aina ya data. Lazima mtu aiandike kwa sentensi kwenye sehemu ya description, na aeleze kwamba hatua inayofuata ni kusubiri jibu la pili au kuuliza hali ya muamala. OpenAPI ina nafasi ya sentensi hiyo, ila haimlazimishi mtu kuijaza, na mafaili mengi huwa nayo tupu au yenye kurudia jina la parameta. Muungano wa OpenAPI wenyewe uliona pengo la mpangilio wa hatua, na mwaka 2024 ukatoa viainishi vya Arazzo kwa ajili ya kueleza maombi yanayofuatana.

Gharama ya muktadha ni tatizo la kweli. Faili la API ya GitHub lina mamia ya operesheni, na hakuna sababu ya kumpa wakala faili zima la namna hiyo. Inabidi likatwe, likabaki na operesheni anazozihitaji kwa kazi iliyopo. Upande wa usalama, faili hueleza mtumiaji anahitaji ruhusa gani, lakini halisemi operesheni ipi haiwezi kurudishwa nyuma, isipokuwa uandike mwenyewe.

Inawafaa wenye huduma za mtandao zinazotumiwa na wateja wengi tofauti, watu na mashine, na wanaohitaji mkataba mmoja wa kuwaongoza wote.

MCP

Model Context Protocol, yaani MCP, ilitangazwa na kampuni ya akili unde ya Anthropic Novemba 2024, na kampuni nyingine, OpenAI ikiwamo, zikaanza kuipokea mwaka 2025. Hutumia JSON-RPC 2.0, kanuni ya kutumiana maombi na majibu kwa JSON. Seva hutangaza zana zake. Kila zana huwa na jina, maelezo na skima ya parameta, na programu ya mteja humpa wakala orodha hiyo. Kinachoitofautisha na OpenAPI ni kwamba msomaji aliyekusudiwa tangu mwanzo ni modeli, na maelezo yale ya maneno ndiyo yanayoamua zana ipi ichaguliwe.

Usahihi wa parameta unakaribiana na wa OpenAPI, kwa kuwa zote mbili hutegemea JSON Schema. Kwenye nia ndipo MCP inapotoa nafasi kubwa, kwa sharti kwamba mwandishi ajue kuitumia. Tuseme kliniki ina zana ya kupanga miadi. Maelezo «Hupanga miadi» hayamsaidii wakala hata kidogo, maana jina la zana lilikwisha kusema hivyo. Haya yafuatayo yanamsaidia:

«Hupanga miadi mpya kwa mgonjwa aliyekwisha kusajiliwa. Usiitumie kubadilisha miadi iliyopo, tumia badili_miadi. Muda uandikwe kwa saa 24 pamoja na tofauti ya UTC, mfano 2025-06-14T16:00:00+03:00. Mtumiaji akisema saa kumi jioni anamaanisha 16:00, na saa mbili asubuhi ni 08:00. Akitaja saa bila kusema ni asubuhi, mchana, jioni au usiku, mwulize kabla ya kupanga. Muda ukiwa umeshachukuliwa, zana itarudisha nafasi tatu zilizo karibu. Msomee mtumiaji achague.»

Skima ya parameta ya muda, hata ikiwa kamilifu, ingekubali 10:00 bila kulalamika, kwa sababu ni muda halali. Mgonjwa angefika saa sita baadaye kuliko alivyoandikwa. Kwa timu za Afrika Mashariki kanuni ya saa ni jambo la lazima kuandikwa popote zana inapogusa muda, na pamoja nayo maneno ambayo wateja huyatumia kweli: salio, muamala, kutoa, kuweka, lipa namba. Wakala akiyakuta maneno hayo ndani ya maelezo, ataunganisha ombi la mteja na zana inayohusika kwa urahisi zaidi.

Gharama ya muktadha inaweza kuwa kubwa. Katika programu nyingi za wateja maelezo ya zana zote hupakiwa mwanzoni, kabla mtumiaji hajasema neno, hivyo seva yenye zana hamsini huchukua nafasi hata kama kazi ya siku hiyo inahitaji mbili. Zana chache zenye mipaka iliyo wazi ni bora kuliko nyingi zinazofanana, kwani zile zinazofanana humchanganya wakala hata pale ambapo nafasi inatosha.

Kwa usalama, itifaki ina alama za kuonyesha kama zana husoma tu, kama inaharibu, na kama kuirudia hakuleti madhara, na pia njia ya kumrudishia wakala kosa ili alione na kulirekebisha mwenyewe. Alama hizo ni dokezo tu. Mteja hapaswi kuziamini zinapotoka kwenye seva asiyoijua. Kuna hatari nyingine inayostahili kutajwa waziwazi: maelezo ya zana huingia moja kwa moja kwenye muktadha wa modeli, kwa hiyo seva yenye nia mbaya inaweza kuficha maagizo ndani yake. Anayesakinisha seva ya mtu mwingine ayasome maelezo hayo kama anavyosoma msimbo. Utunzaji ni rahisi kwa anayeandika kwa Python, ambako maelezo yaliyoandikwa mwanzoni mwa fungsheni (kipande cha msimbo chenye jina) hugeuzwa kuwa maelezo ya zana na aina za parameta kuwa skima, ila seva yenyewe ni programu nyingine ya kuendesha na kulinda.

Inawafaa wanaotaka zana yao itumike ndani ya programu za mazungumzo, au inayogusa mifumo ambayo haina mstari wa amri.

Markdown: llms.txt, AGENTS.md na SKILL.md

Njia ya nne ni maandishi ya kawaida yaliyowekwa mahali panapotarajiwa. Pendekezo la llms.txt lilitolewa na Jeremy Howard Septemba 2024: faili la Markdown kwenye mzizi wa tovuti, lenye jina la mradi, muhtasari mfupi na viungo vya kurasa muhimu. AGENTS.md, lililoenea mwaka 2025, hukaa ndani ya folda ya mradi na kueleza namna ya kujenga, kufanya majaribio na desturi za msimbo. SKILL.md, muundo uliotolewa na Anthropic Oktoba 2025, huanza na jina na maelezo mafupi ambayo wakala huyaona tangu mwanzo, na sehemu iliyobaki husomwa kazi inapohusika.

Kwa kueleza nia, hakuna kinachoishinda njia hii. Sababu za uamuzi, mpangilio wa hatua, mambo yaliyojaribiwa yakashindikana, yote yana nafasi. Kwa usahihi iko nyuma ya zote: hakuna kinachokagua, na sentensi iliyopitwa na wakati husomeka vizuri sawa na iliyo kweli. Mtu mwenye uzoefu huinusa nyaraka ya zamani. Wakala aghalabu huiamini. Kwa hiyo utunzaji ndio mzigo wake mkubwa, na dawa iliyo karibu ni kuweka amri zilizomo kwenye faili ndani ya majaribio yanayojiendesha, ili isiyofanya kazi ivunje jaribio kabla haijampotosha msomaji. Gharama ya muktadha hutegemea mpangilio: AGENTS.md refu husomwa kila mara, wakati SKILL.md iliyogawanywa vizuri husomwa kwa kiasi kinachohitajika. Usalama haumo ndani ya maandishi. Sentensi ya «usifute kamwe» ni ombi, haizuii chochote.

Inawafaa wenye maktaba za msimbo na miradi ambayo ugumu wake uko katika desturi na mpangilio kuliko katika parameta.

Kuchagua kwa mujibu wa hali yako

Ikiwa zana yako ni amri inayoendeshwa kwenye terminali, anza na msaada na ujumbe wa hitilafu, kisha ongeza AGENTS.md au SKILL.md fupi kwa yale ambayo msaada hauwezi kueleza. Kujenga seva ya MCP juu ya amri iliyokwisha kueleweka huongeza mzigo, na mara nyingi faida yake ni ndogo.

Ikiwa una API inayotumiwa na washirika, itunze OpenAPI kama chanzo kimoja cha ukweli, lakini tenga muda wa kujaza maelezo ya kila operesheni kwa mkono wa mtu anayejua biashara yenyewe. Ukihitaji kuwafikia watumiaji wa programu za mazungumzo, chagua operesheni chache zinazokamilisha kazi nzima na uzitoe kwa MCP. Kugeuza kila njia ya API kuwa zana huwapa mawakala orodha ndefu isiyo na mwongozo.

Ikiwa ni timu ndogo isiyo na mtu wa kutunza seva ya ziada, Markdown inatosha kwa kuanzia, mradi faili liwe fupi na awepo mtu anayewajibika nalo. Kwa timu inayosita kati ya mbili, jaribio la uaminifu ni hili: fungua mazungumzo mapya, mpe wakala nyaraka peke yake na kazi moja ya kweli, usimsaidie, kisha soma kumbukumbu ya hatua zake. Pale alipobahatisha ndipo penye sentensi inayokosekana, na aina ya kosa itakuonyesha kama tatizo ni la skima au la nia.

Ikiwa zana inagusa pesa, matibabu au kumbukumbu zisizorudishwa, usitegemee njia yoyote kati ya hizi kuzuia madhara. Weka ukaguzi kwenye seva yenyewe: kiwango cha juu cha muamala, namba ya ombi inayozuia malipo kujirudia, na uthibitisho wa mtu kabla ya hatua ya mwisho. Kisha andika kwenye nyaraka, kwa mfumo wowote uliouchagua, kwamba vizuizi hivyo vipo na jibu gani wakala atalipata akivigonga, ili alipeleke jibu hilo kwa mtu anayemtumikia badala ya kutafuta njia ya kuvizunguka.